Ukisema Unasoma Usalama, Baba Mdogo Anaacha Kula

Wale ambao hamkufika Jumamosi kwenye maongezi yangu chuoni, yale ya kusoma masuala ya usalama kama somo la pembeni, kwa sababu ya mvua, poleni. Najua Jangwani ilifungwa na wa Kimara wengi mliishia Magomeni mkageuza. Nimeandika maongezi yangu yote kama nilivyoyaongea, nimetoa tu pale nilipokohoa na pale umeme ulipokatika. Slaidi msiniulize, hata ukumbini hazikuonekana, projekta iligoma.

Wadogo zangu, hamjambo? Hamjambo kweli au mmeitikia kwa sababu nimeshika maiki? Haya, asanteni kwa kuja, mmelowa lakini mmekuja.

Naanza na swali. Nani hapa ameshawahi kuwaambia watu wa kwao kwamba anataka kusoma mambo ya usalama? Mikono. Wawili, watatu, na yule pale nyuma kanyoosha nusu mkono. Nyumbani walisemaje? "Walinyamaza." Enhee! Walinyamaza. Mimi nilisema siku ya Idi, tumekaa mkekani tunakula pilau, nikasema tu jamani mwaka huu nimeongeza na kozi za usalama. Baba mdogo akaacha kula. Tonge liko hewani. Akaangalia mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo wameshakuchukua?" Nikamwambia hapana baba, ni masomo tu haya, meja yangu, yani fani kuu, bado ni uhasibu, usalama ni maina, ya pembeni tu. Akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe umeshafika Meja."

Mnacheka, lakini ndo tatizo letu la kwanza hilo. Kwa Kiswahili cha mtaani ukisema "usalama" watu wanaelewa kitu kimoja tu, yule jamaa aliyevaa vizuri ambaye hakuna anayejua ofisi yake iko wapi. Mpaka leo nikiingia kwenye kikao cha harusi watu wanabadilisha mada, na mimi nimekuja kutoa mchango wangu tu wa vinywaji. Sasa leo sikuja kuandikisha mtu popote, sina namba ya mtu yeyote, msinifuate nje.

Nimekuja kuongelea kitu kidogo. Wewe unayesoma uhasibu baki na uhasibu wako, unayesoma unesi baki na unesi, kompyuta, ardhi, sheria, Kiswahili, kila mtu abaki kwake, halafu pembeni uchukue kozi 5 au 6 za masuala ya usalama, na mzichukue darasa moja, mkiwa mmechanganyika hivyohivyo. Ndo maana ya maina. Ni kachumbari, wali unabaki kuwa wali. Na wala sio kitu kigeni sana mji huu, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi wa fani zote wamesomeshwa DS, yani somo la maendeleo, tangu enzi za Mwalimu, mhandisi akae na mwanasheria wajadili maendeleo ni ya nani. Walalamikaji walikuwepo na wapo mpaka leo, DS ina maadui zake, lakini wazo lenyewe lilikuwa zuri. Hili la usalama ni mtoto wa wazo lile.

Sasa twende mwaka 1998. Wengi hapa hamjazaliwa nadhani, mnanizeesha tu. Ijumaa tarehe 7 Agosti, asubuhi, saa nne na nusu imeshapita. Mimi niko Kinondoni nafua uani, beseni mbele, povu mpaka viwikoni. Mlio ukaja. Yani mlio ni neno dogo, ilikuwa kama mtu amekusukuma kifua. Mabati yakalia, kuku wakakimbilia ndani, jirani yetu akatoka na kanga moja akasema transfoma hiyo imekwenda, leo hakuna umeme. Tukamuamini kabisa, tukarudi kufua. Ndo baadaye redio ikasema ni ubalozi wa Marekani, pale Laibon Road, Oysterbay, na Nairobi nako hivyohivyo, dakika chache tu tofauti. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200. Hapa kwetu 11.

Niambieni. Kati ya wale 11 wa Dar, Wamarekani walikuwa wangapi? Kisieni. Watano? Wanane? Nasikia sita huku.

Hakuna. Hata mmoja. Jengo lile lilijengwa na Waisraeli zamani, lilikuwa ubalozi wao, kuta nene. Na lori la bomu halikupenya kuingia ndani kwa sababu mbele yake getini kulikuwa na lori la maji limesimama. Waliokuwa ndani ya zile kuta wengi walitoka na majeraha lakini walitoka. Waliokuwa getini ndo waliokwenda, walinzi wakiwemo, wale wa kufungua geti na kuangalia chini ya gari kwa kioo.

Hapo ndo swali la kwanza la fani hii lilipo, na kwa maoni yangu ukilishika hili umeshapata nusu ya kozi. Usalama wa nani? Ukiambiwa sehemu fulani ni salama, salama kwa nani? Jengo lilikuwa salama. Mlinzi je? Sijui nyie mnalipa shilingi ngapi mlinzi wa hosteli yenu, lakini akikaa pale na rungu na tochi usiku mzima, nani analindwa na nani anatumika kama ukuta?

Na kuna kingine. Kesi ilipokwenda New York mambo mengi yalitoka hadharani. Waliolipua walikuwa wamekodi nyumba Ilala. Walinunua lori dogo la Nissan. Walinunua mitungi ya gesi, oksijeni na asetilini, hii hii ya mafundi wa kuchomelea mageti. Sasa ebu angalieni hiyo orodha vizuri. Kodi ya nyumba, gari, mitungi. Kuna cha kijasusi hapo? Hizo ni risiti tu! Mhasibu anaweza kushangaa mtu anayelipa kila kitu taslimu, mtu wa kemia anaweza kujiuliza mitungi yote hiyo na gereji hana, mtu wa sosholojia anaangalia namna watu wanavyokaa na mpangaji mgeni, kila mmoja ameshika kipande na hakuna kipande kinachotosha. Sisemi kwamba majirani wa Ilala wangejua, msinielewe vibaya, mimi mwenyewe nilipopanga Tabata sikujua jina la mpangaji wa chumba cha pili mpaka alipohama. Nasema tu kwamba vipande vile vilikuwa vimekaa kwenye fani tofauti, na fani hazikuwa zinaongea.

Haya, tuache mabomu, tuje kwenye simu zenu. Toeni simu. Nani ana ile meseji? Mnaijua. Semeni kwa pamoja.

"Ile hela tuma kwenye namba hii."

Mmeona? Ukumbi mzima mmeitikia kama salamu ya asubuhi, na hakuna aliyewafundisha.

Niliwahi kufanya kazi kwenye kampuni moja inayohusika na pesa za kwenye simu, siitaji, nilikuwa dawati la malalamiko ya utapeli. Siku moja akaja mama mmoja, mama lishe wa Mbagala, kashika daftari lake la mahesabu, yale ya mistari yenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ametuma laki na themanini. Kwa nani? Kwa mwenye nyumba wake, yani alivyodhani. Analia bila sauti, machozi tu yanatoka, huku ananionesha kwenye daftari kwamba alikuwa ameiweka pembeni wiki tatu, elfu kumi, elfu nane, elfu kumi na mbili. Nikapeleka kwa mafundi wetu wa mfumo. Vijana hodari kweli, sio utani. Wakakagua wakarudi na jibu, "Dada, mfumo haujaguswa. Kila kitu kiko salama."

Na walikuwa wanasema kweli! Mfumo ulikuwa salama. Mama ndo alikuwa hana hela. Mnakumbuka swali letu? Usalama wa nani?

Ofisini tulikuwa na binti yuko fildi, anasoma Kiswahili, isimu. Kusema kweli alipangiwa kwetu kimakosa, alitakiwa idara ya mawasiliano, tukawa tunamtuma chai na kutoa kopi. Siku ile akasikia tunabishana, akachukua maka pen akaiandika meseji ubaoni, akapiga mstari chini ya neno moja. "Ile." Akatuambia wizi wote uko hapo.

Tukamwangalia tu.

Akasema, sikilizeni, "ile" unaitumia kwa kitu ambacho mimi na wewe tayari tunakijua. Nikikwambia "lete chungwa" utaniuliza chungwa gani. Nikikwambia "lete lile chungwa" unaanza kulitafuta kichwani, ni lipi, ah lile la jana. Kwa hiyo huyu mwizi haombi hela. Anakukumbusha. Kazi ya kutafuta ni hela ipi anakuachia wewe, na wewe kichwa chako kinamjazia, kodi, ada, mchezo wa akina mama, deni la dukani. Halafu anaweka "namba hii", hii, ya karibu, ndo hii hapa mkononi. Ile ya mbali, hii ya karibu. Na anamalizia na "jina litakuja fulani" ili ukiona jina geni usishtuke, ameshakuandaa. Tena anatuma lini? Mwisho wa mwezi. Mji huu, mwisho wa mwezi, nani hana "ile hela"?

Jamani, mimi nilikaa kwenye lile dawati muda mrefu na sikuwahi kuiona hiyo "ile". Mafundi na vyeti vyao hawakuiona. Aliiona mtu wa ngeli! Na tangu siku ile mtu akiniambia Kiswahili ni somo la walioshindwa, namuonea huruma.

Sasa sisi tulikuwa tunafanya nini siku zote? Tunawatumia wateja ujumbe, "Mpendwa mteja, usimpe mtu yeyote namba yako ya siri." Mama wa Mbagala hakumpa mtu namba ya siri. Aliibonyeza mwenyewe kwa kidole chake. Tulikuwa tunazuia wizi mwingine kabisa. Yule binti akaandika upya, kifupi, ukiambiwa "ile hela" piga simu kwanza uliza, ipi? Basi. Mama yule alirudi tena baadaye, safari hii kaja na vitumbua, anacheka. Anasema wamenitumia tena dada, nikawajibu "ipi?", wakanitukana.

Wa sheria nawaona mnajisogeza, najua, mtaniambia ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ipo ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, unabonyeza *106# unaona namba zote zilizosajiliwa kwa jina lako. Kweli kabisa, na fanyeni leo hiyo ya *106#, kuna watu humu watashtuka. Ila sheria inakuja baada ya mama kulia. Mtu wa isimu angeweza kuja kabla. Ndo ninachotaka mkae meza moja, basi.

Kingine, hofu yenyewe. Nani alikuwa Dar mwanzoni mwa Januari 2015, ile Ijumaa jioni ya Panya Road, lile kundi la vijana waporaji? Nyie mlikuwa watoto lakini mnakumbuka, si ndio? Mimi nilikuwa saluni Sinza, nasukwa. Nusu kichwa kimesukwa, nusu bado kimesimama hivi. Simu ya msusi ikalia, akasoma, akasema wako Magomeni. Simu yangu, wako Mwenge. Mteja mwingine, wako Sinza hapa hapa, wana mapanga, wako mia. Msusi akaacha kichwa changu akashusha shata, watu wanakimbia barabarani, wanaotoka Mwenge wanakimbilia Shekilango na wa Shekilango wanakimbilia Mwenge, wanapishana! Hakuna aliyemuuliza mwenzake unakimbia nini na mimi natokea huko unakokwenda. Nikatoka mbio na nusu kichwa changu mpaka nyumbani.

Kesho yake nikaanza kuuliza mtaani. Uliwaona? Hapana, nilisikia. Wewe? Hapana, nilitumiwa. Sasa kundi la vijana waliopora watu lilikuwepo, hilo halina ubishi, na kuna watu waliumizwa. Lakini mji mzima kufunga usiku mmoja, baa, maduka, vituo, hiyo haikufanywa na mapanga. Ilifanywa na WhatsApp na miguu yetu. Polisi wenye magari hawawezi kukamata meseji. Hapo unamhitaji mwandishi wa habari, mtu wa saikolojia, mtu anayejua uvumi unavyotembea, na mtu wa kuuliza swali gumu, kwa nini vijana wa miaka 15, 16 wa mji wetu wamekuwa ndo kitu tunachokiogopa kuliko vyote.

Nimalizie maji, halafu mnipe maji na mimi ninywe.

Mwaka 1994 UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, walitoa ripoti, nyuma yake akiwemo mchumi wa Pakistani Mahbub ul Haq, wakasema usalama tusiupime kwa mipaka na bunduki peke yake, tuupime kwa binadamu. Wakataja maeneo saba, uchumi, chakula, afya, mazingira, usalama wa mtu binafsi, wa jamii na wa kisiasa. Baba mdogo ripoti hiyo haijamfikia bado. Lakini mtu wa Kigogo na Jangwani hahitaji ripoti.

Desemba 2011 mvua ilinyesha Dar es Salaam, mto Msimbazi ukapanda, watu wapatao 40 wakapoteza maisha. Arobaini. Lile bomu la Laibon Road watu 11, na dunia nzima ilikuja, na ilikuwa haki ije. Msimbazi watu 40, na mwaka uliofuata mvua ikanyesha tena na kila mtu akasema ah, si ndo Jangwani. Kwa nini kile kifo tunakiita suala la usalama na hiki tunakiita hali ya hewa?

Serikali iliwapa watu viwanja Mabwepande, kule juu, mbali, nyuma ya Bunju. Kiwanja cha bure. Na wapo walioviuza wakarudi bondeni. Sasa hapa ukikaa barazani utasikia, watu hawa wabishi, wanapenda mafuriko. Wanapenda mafuriko! Kuna mtu anapenda kulala juu ya kabati na mtoto? Nilikwenda kuongea na baba mmoja Kigogo, fundi viatu, ukutani kwake kuna alama za penseli, kila mafuriko yanapokuja anaweka mstari maji yalipofika, kama nyie mlivyopimwa urefu mkiwa wadogo. Ya juu kabisa iko usawa wa swichi ya taa. Nikamuuliza kwa nini ulirudi baba? Akaniambia, "Mwanangu, Mabwepande nilikuwa salama kwa maji. Kwa njaa je? Viatu viko Kariakoo." Nauli ya kwenda na kurudi inakula faida yote ya siku.

Angalieni hapo nani anahitajika. Mhandisi wa maji atakwambia mto umejaa mchanga na taka, hauna pa kupitia. Mtu wa ardhi atakwambia hati zilitoka vipi bondeni, na hapo huwa wanainamisha kichwa. Mchumi atapiga hesabu ya nauli. Mtu wa afya atauliza choo kikifurika kipindupindu kitaanzia nyumba ya ngapi. Ukimpa mhandisi peke yake atahamisha watu na watarudi. Ukimpa mchumi peke yake atawaacha wazame karibu na soko. Na tumeyaona mpaka kwenye mwendokasi, karakana ya mabasi iliwekwa pale pale Jangwani, mvua ikija mabasi yakawa yanakaa ndani ya maji. Ile ramani ilipitiwa na wataalamu, sio watu wa mchezo. Kila mmoja alitazama sehemu yake.

Ugonjwa wa Marburg kule Kagera mwaka 2023 ni hivyohivyo, wagonjwa 9, sita wakafariki, mmoja wao mhudumu wa afya, na ikadhibitiwa isienee. Ugonjwa ule unapita kwenye kuuguza na kuosha maiti. Hapo daktari bila mtu anayejua msiba wa pale unaendeshwaje atafukuzwa na ndugu wa marehemu. Na Mei 2024, ile Jumapili nyaya za baharini mbili zilipokatika, EASSy na Seacom, intaneti ikasuasua nchi nzima, mlihisi wenyewe, mimi nilihisi kwa wakala, foleni, kila mtu anapandisha simu juu kama anaombea mvua. Nyaya hizo zimelala chini ya bahari na hakuna hata mtu mmoja kwenye foleni ile aliyejua zipo. Hilo naliacha, ni la hotuba nyingine.

Sasa nitoe onyo, maana nisiposema nitakuwa dalali.

Ukisoma mambo haya utaanza kuona usalama kila mahali na huo ni ugonjwa. Kuna wasomi wanaitwa Shule ya Copenhagen, akina Buzan na Wæver, walisema jambo la akili sana, kwamba neno "usalama" lenyewe linafanya kazi. Ukishakiita kitu tishio la usalama, mjadala umefungwa, sasa unaruhusiwa kufanya ambayo siku nyingine usingeruhusiwa. Kwetu mtaani walifanya hivyo na kijiwe cha kahawa. Wazee wanakaa pale kwenye benchi, drafti, kashata, kelele za Simba na Yanga tangu alfajiri mpaka saa nne usiku. Kikao cha mtaa kikasema kijiwe ni tishio kwa usalama, hawajulikani wanaongea nini. Nani atabisha? Ukibisha na wewe unaonekana una lako. Benchi likavunjwa, muuza kahawa akahama na birika lake.

Muda haukupita pikipiki zikaanza kuondoka. Ya kwanza, ya pili, na ya mwalimu. Kwa sababu lile benchi lilikuwa ndo mlinzi! Wazee wale walikuwa wanajua kila mtu, ukipita na mgeni unaulizwa huyu nani, mtoto akitoroka shule taarifa inafika nyumbani kabla yake. Tuliondoa macho manane ya bure tukaweka taa moja ya umeme ambayo iliungua. Sasa muuza kahawa karudi, kimyakimya, na hakuna kikao kilichokaa kumrudisha.

Kwa hiyo mkija darasani, na swali la pili mje nalo, nani kasema hiki ni tishio na anapata nini kwa kusema hivyo.

Najua kuna mtu anasubiri niseme ajira. Huyo hapo, umevaa jezi. Nitakwambia ukweli, maina haikupi kazi. Hakuna tangazo linaloandika "anatakiwa mwenye maina". Meja ndo inakuingiza mlangoni, mhasibu ataingia kama mhasibu. Lakini benki wana vitengo vya kufuatilia miamala ya mashaka, bandari wana mizigo, hospitali wana mafaili ya wagonjwa, halmashauri wana mabonde, mashirika ya wakimbizi kule Kigoma yapo, na kote huko anatafutwa mhasibu au nesi ambaye kichwa chake hakiishii kwenye fomu aliyopewa. Mimi uhasibu uliniingiza. Kubaki nimebaki kwa zile kozi tano.

Ukichagua kozi, usichague zote za kwenu. Wa kompyuta usijaze kozi za mtandao tu, umeshazisoma. Chukua moja ya historia, moja ya sheria na haki za watu, na moja ya takwimu hata kama unaiogopa, hasa kama unaiogopa. Na nyie wa Kiswahili msije mkajikunja nyuma ya darasa mkidhani mmekuja kuwatazama wa kompyuta.

Maswali tutachukua nje kwenye veranda maana mafundi wanataka ukumbi wao. Fomu ziko kwa yule dada wa miwani pale mlangoni, ziko za kutosha, msigombanie, na muandike namba ya simu inayopatikana. Mtakapopigiwa kuthibitisha hamtaombwa hela yoyote. Ukiombwa, uliza ipi.

Na wa Kimara, naambiwa maji yameanza kupanda tena pale darajani. Ondokeni sasa hivi, fomu mtajazia kwenye basi.